Kichaka cha Nyuma ya Kanisa, Wiki kwa Wiki

Kila Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi, kabla wanakwaya hawajafika kwa mazoezi, Rachelle Nyiraneza aliegesha gari lake nyuma ya kanisa mjini Anoka, akapanda juu ya kisiki cha mwaloni na kupiga picha moja. Aliupa mgongo upande wa mashariki ili jua lisimwingie kwenye lenzi. Alihakikisha kwamba nguzo ya umeme imekaa ukingoni kushoto na bomba la maji ukingoni kulia, akazuia pumzi, akabonyeza, akashuka. Picha nyingine alizopiga asubuhi hiyo, za umande, za ndege, za nyuki waliolala ndani ya maua kwa baridi, zilikuwa za kujifurahisha. Ile ya kisikini ilikuwa kazi. Aliianza Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 2023, na alikusudia kuifanya kwa wiki hamsini na mbili bila kuruka hata moja, ili mwaka mzima uonekane ukipita juu ya mahali pamoja.

Mahali penyewe palikuwa kipande cha ardhi chenye urefu wa hatua arobaini na upana wa hatua thelathini, kati ya ukuta wa nyuma wa kanisa na uzio wa jirani. Aliyepita kwa gari aliona magugu. Januari yalikuwa mabua makavu yaliyochomoza kwenye theluji, hayana sura. Mwezi wa Mei ardhi ilijaa machipukizi ya kila namna. Julai nyasi zilimfika Nyiraneza kiunoni, na kufikia mwanzo wa Septemba maua ya manjano na ya zambarau yalikuwa yamesongamana hata uzio wa jirani haukuonekana. Chini ya majani mapana ya mmea mmoja, ule unaotoa utomvu mweupe kama maziwa ukivunjwa, alikuwa amehesabu vifukofuko tisa vya kijani, kila kimoja na nukta zake za dhahabu. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na kipepeo wa rangi ya machungwa aliyekuwa bado anajitengeneza.

Nyiraneza alizaliwa mwaka 1977 katika vilima vya Masisi, mashariki ya Kongo. Alikaa miaka kumi na mmoja katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, akamzika mumewe huko, na Februari 2018 akashuka kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis akimshika mkono binti yake Héritière, mwenye umri wa miaka kumi. Miezi ya kwanza waliishi kwenye ghorofa la kumi na nane la moja ya minara ya Cedar-Riverside, kisha wakahamia Anoka, kwa sababu huko nyumba zilikuwa na bei nafuu kidogo na Wakongo wenzao walikuwa wameanza kukusanyika.

Hadi siku aliyofika Marekani alikuwa amepigwa picha mara kumi na nne maishani, na anaweza kuzitaja zote. Moja ilikuwa ya arusi. Kumi na tatu zilikuwa za vitambulisho, mafaili na kadi za chakula, mbele ya shuka jeupe. Katika kila moja kulikuwa na mtu aliyemwambia toa kitambaa, inua kidevu, tazama hapa, usicheke. Ndiyo maana alipopata kamera yake mwenyewe hakuielekeza kwa watu. Alieleza kwa maneno machache: ua haliambiwi geuka.

Kamera hiyo aliipata kwa Laurean, Mhaya wa Bukoba aliyekuja Minnesota kusoma mwaka 1991 na kubaki kama mhandisi. Walifanya kazi mahali pamoja, Golden Valley, katika jengo moja kubwa la ofisi lenye bwawa nyuma yake: yeye Laurean juu kwenye meza za michoro, Nyiraneza chini jikoni kwenye masufuria. Wiki yake ya tatu kazini, mwaka 2019, aliona kupitia dirisha la jikoni mwanaume mwenye tai amelala kifudifudi kando ya bwawa. Alichukua jagi la maji akatoka mbio akipiga kelele kwa Kiswahili kwamba mtu amekufa.

"Sijafa, dada," yule mtu, Laurean mwenyewe, alijibu bila kugeuka, kamera ikiwa jichoni, naye kwa Kiswahili. "Niko hai kabisa. Ila simama hapohapo, bata ana vifaranga na wewe unakuja kama gari la zimamoto."

Tangu siku ile walikula chakula cha mchana pamoja kando ya bwawa. Mwaka 2021 Laurean alinunua kamera mpya na kumpa Nyiraneza ile ya zamani, pamoja na lenzi iliyokwaruzika upande mmoja. Alimfundisha kuzuia pumzi, kupiga magoti, kungoja. Baada ya miaka miwili ya maua yaliyotapakaa ovyo kwenye kompyuta ya Héritière, alimpa kazi. "Sasa chagua mahali pamoja," alisema, "urudi hapo kila wiki kwa saa ileile mpaka mwaka uishe. Ukikosa wiki moja, anza upya." Nyiraneza alichagua kichaka cha nyuma ya kanisa, kwa sababu kilikuwa karibu na kwa sababu hakuna mtu aliyekitaka.

Kanisa lenyewe lilikuwa geni kwa Nyiraneza na Wakongo wenzake. Walutheri wazee walioabudu humo kwa miaka sabini walikuwa wamebaki kumi na wawili, na Jumapili ya tarehe 17 Septemba 2023 walilikabidhi kwa Wakongo, funguo, viti, piano na jiko. Hati ya makabidhiano ina kurasa kumi na nane. Imetaja hadi idadi ya vijiko. Kuhusu kipande cha ardhi cha nyuma haina neno hata moja.

Jumapili ya kwanza ya Septemba 2024, mchungaji wao, Pasteur Onesphore, alitangaza kwamba mwaka mmoja unakaribia kutimia, na kwamba wale wazee wamealikwa kuja kusherehekea tarehe 15. Ndipo Papa Anicet, mwenyekiti wa kamati ya usafi, akasimama. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane kutoka Walikale, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na mwenye mashine ya kukatia majani aliyoipenda na kuiita tondeuse, kama walivyoiita kwao.

"Jumamosi, tarehe kumi na ine, tutafanya salongo," alisema, yaani kazi ya mikono ya watu wote pamoja. "Kila mutu. Madirisha, vyoo, na ile pori ya nyuma tunaitoa yote. Wazee wetu wanakuja. Wakikuta pori imefika kwa dirisha watasikia haya, na haya yao ni haya yetu."

Pasteur aliuliza kama ile pori ilikuwa na ubaya.

"Pasteur, nyoka zitaingia mpaka kwa watoto wa ekodim, wale wa shule ya Jumapili. Na mufikirie wale wazee. Mukubwa wao iko na miaka makumi tisa na moja. Nani kati yao angesukuma tondeuse? Walishindwa, maskini, wakanyamaza. Sisi tuko na nguvu. Tuwamalizie kazi."

Watu waliitika kwa moyo mmoja, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa ya huruma na yalitoka kwa mtu mwenye huruma. Kwao Kivu, uwanja wa mtu mwenye heshima hufagiliwa mpaka udongo unaonekana mtupu, na nyasi ndefu mlangoni humaanisha kwamba ndani kuna mgonjwa au mjane asiye na watoto. Hawakuwa na namna nyingine ya kukisoma kichaka kile. Nyiraneza alihesabu vidoleni: kufikia tarehe 14 angekuwa na picha hamsini. Mbili zingebaki bila kitu cha kupiga, na vile vifukofuko tisa visingefunguka.

Baada ya ibada alimfuata mchungaji mlangoni.

"Pasteur, ile si pori. Nafikiri mtu alipanda."

"Nani alikuambia?"

"Picha zangu. Mwezi wa tano, wakati majani yalikuwa yanaota, yalitokea kwa mistari. Tuwapigie wale wazee simu tuulize."

Onesphore aliwaza, akatikisa kichwa pole pole. "Mama Héritière, utamuuliza mutu wa miaka makumi munane kama alishindwa kukata majani yake? Nitaanza na neno gani? Hapana. Onyesha kamati picha zako. Papa Anicet akikubali, mimi nimekubali."

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, tarehe 8, baada ya chai, Nyiraneza alisimama mbele ya watu sitini kwa mara ya kwanza maishani mwake. Héritière, aliyekuwa sasa na miaka kumi na saba, aliunganisha kompyuta na projekta, akakaa pembeni mikono kifuani. Picha arobaini na tisa zilipita ukutani moja baada ya nyingine. Kumi za kwanza zilitazamwa kwa adabu. Zilipofika za Desemba, minong'ono ilianza.

"Mama Héritière," aliita Reine, kiongozi wa kwaya, "theluji tumeiona yote. Hauna haja ya kuturudishia."

Watu walicheka, naye Nyiraneza akacheka nao, akaendelea. Picha ya ishirini. Ya ishirini na tano.

"Bon, samahani," alisema Papa Anicet, na kwa kweli alikuwa akiuliza, hakuwa akidhihaki. "Nimetazama sana. Kila picha ni majani. Mutu iko wapi?"

"Hakuna mtu, Papa."

"Hata mumoja? Mwaka muzima?"

"Hata mmoja."

"Sasa ulikuwa unapiga nani?"

Kicheko kilichofuata hakikuisha upesi. Picha ilikuwa mtu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Picha ilitumwa nyumbani ili mama aone kama mwanawe amenenepa, iliwekwa ukutani ili mgeni aulize huyu ni nani. Kupiga picha ya mti peke yake kulikuwa sawa na kuandika barua usimwandikie mtu. Picha ya thelathini na mbili, ile ya tarehe 11 Mei iliyoonyesha machipukizi yamesimama katika mistari, ilipita huku nusu ya watu wakiwa wamekwisha kurudi kwenye birika la chai. Nyiraneza aliinyooshea kidole, akasema neno "mistari" mara mbili, kisha akamwomba binti yake azime.

Garini Héritière alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba picha ni nzuri, tatizo ni kwamba kutoka mbali zinafanana.

Jumatano, kando ya bwawa, alimweleza Laurean yote. Yule mzee alisikiliza akimenya yai.

"Wamekuuliza mtu yuko wapi, ukasema hakuna," alisema. "Basi waweke."

"Mimi sipigi watu, Mzee Laurean. Unajua."

"Najua. Lakini wewe unawadai waingie kwa macho mahali ambapo hawajawahi kuingia kwa miguu. Huyo Anicet amewahi kukanyaga hapo ndani hata siku moja?"

"Ataanzia wapi? Anaogopa nyoka."

"Mpige picha. Kwa ajili ya picha, Mkongo ataingia hata kwenye tundu la chui."

"Na Mhaya je?"

"Mhaya ataingia akiwa amevaa suti ya vipande vitatu," Laurean alikubali, akala yai lake.

Nyiraneza hakucheka sana. Jioni ile, akiendesha gari kwenye barabara ya 169 kuelekea kaskazini, Nyiraneza alipima jambo hilo kwa uzito wake. Amekaa miaka mitatu na kamera bila kumwamuru mtu ageuze shingo. Alikuwa na hakika kwamba siku atakapomwambia mtu inua kidevu, atajisikia yuko upande wa pili wa lile shuka jeupe. Lakini kichaka nacho kilikuwa na siku tatu tu. Alipofika nyumbani alikuwa ameamua hivi: atawapiga watu, ila hatawaambia kitu.

Jumamosi ya tarehe 14 Septemba alipanda kisikini kama kawaida na kupiga picha ya hamsini. Saa tatu kasoro dakika chache gari la Papa Anicet liliingia, tondeuse imefungwa kamba nyuma. Watu kama ishirini walikuwa wamekwisha kufika na ndoo na mifagio. Nyiraneza alimwendea kabla hajaifungua ile kamba.

"Papa Anicet, kabla ya kukata, ninakuomba kitu kimoja. Ingia pale katikati, nikupige picha moja. Utamtumia mama yako."

Anicet aliyatazama maua, kisha akajitazama mwenyewe: ovaroli yenye madoa ya mafuta, buti za kazi.

"Na hizi nguo? Mama ataita jirani wote walie. Atasema muko munatufanya watumwa huku."

"Mimi sina shida na nguo."

"Weye hauna shida. Yeye iko na shida." Alitazama saa. "Nyumba yangu iko dakika saba. Ungoje. Mutu asiguse tondeuse yangu."

Nyiraneza hakuwa amelipanga hilo. Alidhani mtu angesimama alivyo. Lakini Reine alikuwa amesikia, na Reine hakuwa tayari kuona Papa Anicet akipigwa peke yake. Alimpigia simu dada yake amletee ile nguo ya kitenge ya Pasaka. Aliyefuata alikumbuka kwamba ana mtoto mchanga ambaye bibi yake hajamwona. Kufikia saa nne watu kumi na wawili walikuwa wameacha ndoo zao wakaenda kubadilisha nguo, na mchungaji, aliyebaki na mfagio mkononi kwenye uwanja uliokuwa karibu mtupu, alisema kwamba katika miaka yake yote hajaona salongo ya namna ile.

Anicet alirudi saa nne na dakika ishirini, suti ya buluu, tai nyekundu, viatu vyenye ncha vilivyong'arishwa. Aliingia kichakani kwa hadhari, akiinua magoti kama mtu anayevuka kijito, macho yakitafuta nyoka. Alipofika katikati, maua ya manjano yakimfika kifuani, alisimama wima.

"Nisimame namna gani?"

"Vile unapenda."

"Nitazame wapi?"

"Penye unapenda."

"Photographe gani huyu hasemi kitu," aliwalalamikia waliokuwa pembeni. "Kwetu angekwisha kunipiga makofi."

Kwa kuwa hakuambiwa atazame wapi, alitazama chini, apate kuona viatu vyake viko juu ya nini. Akabaki ametazama chini. Aliyafungua maua kwa mikono miwili kama pazia, akapiga hatua moja na nusu kushoto, akayafungua tena. Kisha hatua nyingine na nusu. Picha iliyomo kwenye kadi ya kumbukumbu, iliyopigwa saa nne na dakika thelathini na moja asubuhi, inamwonyesha ameinama, mgongo kwa kamera, tai inaning'inia mbele, kidole kimeelekezwa ardhini.

"Mama Héritière," alisema, na safari hii sauti yake haikuvuka mto. "Hii ni mustari."

"Ndiyo, Papa."

"Hapa shina. Hatua moja na nusu, shina. Hatua moja na nusu, shina. Na hii ingine inapita hivi." Alijiinua. "Nimelima maharagi miaka makumi mbili. Majani hayajipange yenyewe. Mutu alipima na kamba."

"Nilisema Jumapili."

"Ulisema, ndiyo. Lakini ulionyesha kwa ukuta." Alijipangusa magoti, akageuka kuwatazama watu waliojipanga na nguo zao nzuri. "Hii ni shamba ya mutu. Shamba ya mutu, mwenyewe akiwa angali hai, hatukati."

"Na kesho wakija?" aliuliza mchungaji.

"Kesho tunauliza mwenye shamba. Leo mama anatupiga picha."

Na ikawa hivyo. Nyiraneza alipiga picha mia moja na sita siku ile, kutoka saa nne na nusu hadi saa nane, za familia tisa. Hakumwambia hata mtu mmoja inua kidevu. Wengine walisimama kama walivyosimama mbele ya maafisa maisha yao yote, mikono ubavuni. Aliwangoja tu, na baada ya muda mtoto alivuta ua, au mume alisema jambo, na mikono ikasahau. Aligundua kwamba kungoja huko ndiko alikozoea kufanya kwa ndege. Watoto walikanyaga mimea, naye moyo ulimwuma kila shina lilipolala, hadi Anicet alipovua koti, akalitundika kwenye uzio, akawasha tondeuse na kukata njia moja nyembamba ukingoni, mbali na ile mistari, kusudi watu wapite hapo. Madirisha yalioshwa jioni.

Jumapili walikuja wazee saba. Miongoni mwao alikuwa Alice, mwenye miaka themanini na minne, aliyetembelea fimbo mbili. Kabla ya kuingia ndani aliomba kupelekwa nyuma. Alipogeuka pembeni ya ukuta na kuyaona maua, alisimama. Héritière ndiye aliyekuwa amepewa kazi ya kufasiri.

Walipanda wao, Alice alisema. Watu kumi na mmoja, miaka tisa iliyopita, kwa magoti, kwa kamba na vijiti, mimea ya nchi hii jinsi ilivyokuwa kabla ya majembe kufika. Wanne kati ya hao kumi na mmoja wamekufa. Walipokabidhi jengo waliona aibu kuwatwika wageni kazi ya bustani, kwa hiyo hawakuandika kitu. Mwaka mzima alikuwa akijiandaa moyoni kukuta nyasi fupi.

Anicet alisikiliza hadi mwisho. "Mwambie," alimwambia Héritière, "kwamba sisi tuliona haya kumuuliza."

Héritière alifasiri. Alice alicheka hadi fimbo moja ikamponyoka.

Picha ya hamsini na mbili ilipigwa tarehe 28 Septemba, asubuhi yenye ukungu. Nyasi zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya kutu na nguzo ya umeme iko mahali pake. Kati ya vifukofuko tisa, vipepeo saba walitoka kati ya tarehe 17 na 23, wakaelekea kusini. Viwili viligeuka vyeusi na havikufunguka. Nyiraneza aliviandika vyote tisa kwenye daftari, kila kimoja na tarehe yake.

Kazi ya jikoni iliendelea Golden Valley kama ilivyokuwa, na Laurean, alipoonyeshwa mwaka mzima ukipita kwa sekunde hamsini na mbili kwenye kioo cha simu, aliomba urudiwe mara tatu, kisha akasema sasa inabidi yeye naye atafute mahali pake, maana amepitwa.

Jumamosi moja katikati ya Oktoba, Alice alikuja tena, akiwa na karatasi ya miraba iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ramani ya upandaji wa mwaka 2015. Walikaa watatu kwenye meza ya jikoni la kanisa, Alice, Anicet na Nyiraneza, na Héritière akiwa mdomo wa wote. Alice alitaka kujua kilichosalia. Alitaja mraba, Nyiraneza akatafuta wiki ambayo mmea ule huchanua, akakuza picha, na Anicet, aliyekwisha kuukariri uwanja ule kwa miguu, akathibitisha kwa kichwa. Imepona. Imepona. Hii imekufa. Imepona. Walifanya hivyo kwa saa mbili. Anicet aliuliza kazi ya masika ni ipi, akaambiwa kwamba mwezi wa Aprili, theluji ikiisha, mabua yote makavu hukatwa mara moja kwa mwaka. Akaandika kwenye simu yake, akaweka na kengele.

Walipofika kona ya kaskazini, Nyiraneza aliisimamisha picha ya thelathini na tano, ya tarehe 1 Juni. Penye kona hiyo palikuwa na mmea mmoja wenye maua ya buluu yaliyosimama kama mshumaa, mrefu kuliko vyote vilivyouzunguka, na majani yake yalitandazwa kama vidole vya mkono. Ramani ilikuwa tupu hapo. Alice aliivua miwani, akaipangusa, akaivaa.

Huo hawakuupanda, Héritière alifasiri. Anasema wao waliutaka sana, walinunua mbegu mara mbili, haukuota. Hajui umetoka wapi.

"Labda kwa ndege," alisema Nyiraneza. "Labda mbegu ilikuwa imelala."

Anicet alikuwa ameshika kalamu. Aliivuta karatasi kwake, akatafuta mraba wa kona, akauliza jina.

Alice alilitaja. Hakuna aliyelijua kwa Kiswahili wala kwa Kifaransa, kwa hiyo Anicet aliandika jinsi alivyolisikia, pole pole, herufi kwa herufi, kisha akaongeza tarehe ya ile picha.